Nani Aliwaona? Habari za Dinosauri kwa Watoto wa Kasongo na Kabambare

Mtoto wa shule akionyeshwa katika kitabu sanamu ya dinosauri, yule mnyama wa zamani mwenye shingo ndefu au mgongo wa miiba, huuliza maswali mawili. La kwanza: ni mnyama wa nchi gani? La pili: nani alimwona? Maswali yote mawili ni mema, nasi twawasihi walimu na wazazi wasiyapuuze. La kwanza mara nyingi hujibiwa vibaya, kwa kusema ni mnyama wa Ulaya au wa Amerika, kwa sababu tu kitabu chenyewe kimetoka huko. La pili mara nyingi halijibiwi kabisa. Basi leo twapenda kuyajibu yote mawili, ili ninyi mpate la kuwaambia watoto.

Neno dinosauri lilitungwa mwaka 1842 na bingwa mmoja Mwingereza, Richard Owen. Aliunga maneno mawili ya Kiyunani, maana yake mjusi wa kutisha. Lakini si wote waliotisha: wengine walikuwa wakubwa kupita tembo mara nyingi, wengine hawakumzidi kuku. Walikaa duniani tangu miaka milioni 230 hivi iliyopita, hata miaka milioni 66 iliyopita.

Hesabu hiyo haiingii upesi katika kichwa cha mtoto, wala katika chetu. Kwa hiyo tuseme hivi. Njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, ile waliyopita zamani wapagazi wa Tippu Tip na pembe mabegani kuelekea ziwa Tanganyika, ni zaidi ya kilometa 100. Tuseme dinosauri mmoja amekufa sokoni Kasongo, miaka milioni 150 iliyopita. Wewe waondoka hapo kwa miguu, na utakapoingia Kabambare ndiyo leo. Utatembea na kupita nusu ya njia, nawe ungali kati ya dinosauri. Kisha hawapo tena. Utaendelea kutembea, utalala njiani, utaamka na kutembea tena, wala hutakutana na mtu hata mmoja wa kukupa maji. Watu kama sisi watatokea mwisho kabisa, Kabambare ikiwa imebaki mbele yako kama mita 250, na majogoo wasikika. Na tangu kuzaliwa kwa Bwana wetu Yesu Kristo hata leo ni hatua mbili: mguu mmoja, mguu wa pili, umefika.

Sasa tuifuate njia hiyo ya wapagazi tuone inatufikisha wapi. Kutoka Kabambare walishuka ziwani, wakavuka mpaka Ujiji, wakapita Tabora, wakaenda hata pwani ya Bahari ya Hindi. Ukifika pwani na kushuka upande wa kusini, utafika mji wa Lindi, katika nchi ya Tanzania. Na mwendo wa kilometa 60 hivi kutoka Lindi, barani, kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Hapo ndipo penye jibu la swali la kwanza.

Mwaka 1906 nchi hiyo ilikuwa chini ya Wadachi, nayo ilikuwa katika taabu kubwa. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwaka 1905. Ili kuvimaliza, Wadachi walichoma vijiji na maghala ya chakula, na watu waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Katika mwaka huo mhandisi mmoja, Bernhard Sattler, aliyekuwa akitafuta madini kwa ajili ya kompani, aliona mfupa mkubwa ajabu umetokeza njiani karibu na Tendaguru. Vitabu husema yeye ndiye aliyevumbua. Sisi hatubishi; twakumbusha tu kwamba mfupa ulikuwa njiani, na njia hutengenezwa na miguu ya watu wanaopita.

Sattler alipeleka habari, na mwaka 1907 akaja profesa Eberhard Fraas, akatazama, akachukua mifupa kadhaa mpaka Ujerumani. Huko Berlin mkuu wa nyumba ya makumbusho, Wilhelm von Branca, alikusanya fedha za matajiri. Mwaka 1909 wakatumwa wataalamu wawili, Werner Janensch na Edwin Hennig. Kazi yao ilidumu mpaka mwaka 1911; kisha Hans Reck akaja kuiendeleza, hata mwaka 1913.

Lakini wataalamu wawili hawachimbi kilima. Waliochimba ni watu wa nchi. Mwanzoni walikuwa zaidi ya 100, na mwaka 1911 walifika wapata 500. Wengi walikuja na wake zao na watoto, hata penye kilima pakawa kijiji kizima cha nyumba za majani. Fikirini: miaka michache tu baada ya njaa ile, watu wale wale waliopoteza ndugu zao walipata mshahara kwa kufukua wafu wa miaka milioni 150.

Mkubwa wao, sisi huku tungesema kapita mkuu, aliitwa Boheti bin Amrani. Jina hili twataka watoto walijue. Kazi ya kufukua mifupa ya namna hiyo haihitaji nguvu nyingi, yahitaji jicho. Mfupa umekwisha kugeuka jiwe, tena umelala ndani ya udongo mgumu na mawe mengine. Mtu mwenye haraka hupiga jembe, na kilichokaa salama miaka milioni 150 huvunjika kwa dakika moja. Boheti alijua kutenga mfupa na jiwe, alijua kuufunua polepole kwa patasi na kisu, alijua kuutia gamu na kuufunga usipasuke. Aliwafundisha wengine, na Wadachi walimtumaini katika kazi hiyo.

Ukiisha kufunuliwa, mfupa ulifungwa kwa plasta au kwa udongo, ukazungushiwa fito za mianzi kama mgonjwa aliyevunjika mguu, ukaandikwa namba, ukabebwa. Hapakuwa na reli, wala gari. Mizigo ilikwenda Lindi kichwani na mabegani mwa watu, mwendo wa siku 4 hivi, na mifupa mirefu kuliko mtu ilibebwa vipande vipande. Yote pamoja ilipita tani 200. Wazee wa Maniema wamesimulia sana habari za upagazi, wa pembe na wa vita, hata hatuna haja ya kueleza maana ya mzigo wa siku 4. Wapagazi wa Tendaguru walifanya maelfu ya safari hizo, na majina yao karibu yote hayakuandikwa. Lindi mizigo ilitiwa katika masanduku, masanduku katika meli, na meli zikaenda Ulaya.

Baada ya Vita Kuu nchi ikawa chini ya Waingereza, nao wakachimba Tendaguru kuanzia mwaka 1924 hata 1931. Katika safari yao ya kwanza alikuwamo kijana mmoja ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa kutafuta mabaki ya watu wa kale, Louis Leakey. Mkuu wake, William Cutler, alikufa kwa malaria huko Lindi mwaka 1925.

Na huko Berlin? Ilichukua miaka mingi kuitoa mifupa katika mawe na kuiunga. Mwaka 1937 mnyama mkubwa kuliko wote alisimamishwa. Mfupa mmoja tu wa mguu wake wa mbele, kutoka begani mpaka kwenye kiwiko, wapita mita 2. Miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, kama ya twiga, na shingo yapanda juu. Alivyosimamishwa upya mwaka 2007, kichwa chake chafika juu ya mita 13, yaani kupita paa la kanisa kubwa la parokia. Ndiye mfupa wa dinosauri uliosimama juu kuliko yote duniani. Watoto wa Berlin hupelekwa na walimu wao kumtazama. Mnyama huyo si wa Ulaya, ni wa Lindi. Katika Tanzania watu wameuliza mara nyingi kama asirudishwe kwao, na hata katika Bunge lao jambo hilo limezungumzwa. Lakini yungali Berlin.

Tuje kwenye swali la pili, lililo gumu zaidi. Nani aliwaona? Hakuna. Hapana mtu aliyewaona wakiwa hai. Mtoto akisikia hivyo husema: basi ni hadithi. Mwalimu asikasirike. Amwulize mtoto: asubuhi ukikuta nyayo za nguruwe shambani na mihogo imefukuliwa, wewe ulimwona nguruwe? Hukumwona. Lakini wajua alikuja, wajua alikuwa mkubwa au mdogo, peke yake au pamoja na wanawe, na alitokea upande gani. Mwindaji hodari wa msituni hujua hata kama mnyama anachechemea. Elimu ya dinosauri, iitwayo paleontolojia, ni kazi ya mwindaji huyo, ila nyayo zake ni za kale sana.

Meno husema alikula nini: meno ya yule mkubwa wa Tendaguru ni ya kuchuma majani, si ya kurarua nyama. Mwenziwe, aitwaye Kentrosaurus, alikuwa na vibao shingoni na miiba mirefu mgongoni mpaka mkiani, na mnyama hachukui mikuki bure, alikuwa na adui. Hata udongo husema. Pale Tendaguru, kati ya tabaka zenye mifupa mna tabaka zenye makome na viumbe vya baharini. Kwa hiyo twajua kwamba bahari ilipanda na kurudi, na wanyama wale walikaa karibu na pwani.

Na miaka je, yahesabiwaje? Hapa mtoto wa Kongo ana bahati, kwa maana jina la urani analijua. Lilichimbwa Shinkolobwe katika Katanga na kusikika dunia nzima. Urani haikai ilivyo. Polepole sana, kwa mwendo usioharakishwa na moto wala kuchelewa kwa baridi, hugeuka risasi. Volkano ikitapika, kama zile za Kivu, ndani ya majivu yake mna punje ndogo zenye urani. Majivu yakifunika tabaka, saa imeanza kuhesabu. Mtaalamu akija baadaye hupima urani iliyobaki na risasi iliyopatikana, naye apata miaka. Kisha tabaka iliyo chini ya majivu ni ya zamani kuliko majivu, na iliyo juu ni ya baadaye, kama majani ya mwaka jana yalivyo chini ya majani ya mwaka huu.

Kanuni hiyo ya tabaka tumeipata kwa nani? Wasomaji wetu watafurahi kujua. Niels Stensen alizaliwa Copenhagen mwaka 1638, akawa mganga. Mwaka 1666, alipokuwa Firenze katika Italia, aliletewa kichwa cha papa mkubwa, akakipasua. Aliona kwamba meno ya papa yule yafanana kabisa na mawe fulani yaliyookotwa milimani, ambayo watu waliyaita ndimi za nyoka zilizogeuka mawe. Akasema: hizi si ndimi, ni meno, na mahali hapo palikuwa bahari. Mwaka 1669 alitoa kitabu chenye kueleza jinsi tabaka zinavyolala moja juu ya nyingine. Katika miaka ile ile aliingia Kanisa Katoliki. Mwaka 1675 akapata upadri, mwaka 1677 akawa askofu, akafa maskini mwaka 1686. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1988. Basi mzazi anayeogopa kwamba mtoto akijifunza mambo ya mawe ya kale atapoteza imani, amtazame Mwenyeheri huyu. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha nani aliyeumba na kwa nini. Hakikuandikwa ili kutupa hesabu ya tabaka. Papa Pius wa Kumi na Mbili, katika barua yake ya mwaka 1943, aliwahimiza wafafanuzi wa Maandiko watazame namna za kuandika za watu wa kale, wasizichanganye na namna zetu.

Tusiwafiche watoto kwamba wataalamu hukosea. Zamani walidhani yule mkubwa alikaa majini, kwa kuwa nchi kavu isingeweza kuuchukua uzito wake. Baadaye nyayo na mifupa yenye nafasi za hewa ilionyesha kwamba alitembea penye nchi kavu. Janensch alimwita Brachiosaurus mwaka 1914, akimhesabu kuwa ndugu wa mnyama wa Amerika. Mwaka 2009 ilionyeshwa wazi kwamba mifupa yao yatofautiana mno, na leo aitwa Giraffatitan. Elimu hii ni kama baraza la wazee: shahidi mpya akija, shauri hufunguliwa tena. Lakini shahidi lazima aje. Watoto huweza kusikia habari za Mokele-mbembe, mnyama anayesemwa kukaa katika vinamasi vya Likouala, ng'ambo katika Kongo-Brazzaville, ambaye wageni husema ni dinosauri aliyebaki. Wametafuta mara nyingi. Hawakuleta mfupa, wala ngozi, wala jino.

Dinosauri waliobaki kweli wako uani kwenu. Miaka milioni 66 iliyopita jiwe kubwa kutoka mbinguni, upana wake kama kilometa 10, liliangukia mahali palipo sasa Meksiko, likafanya shimo la kilometa 180 hivi. Vumbi likafunika jua, na dinosauri wakubwa wakaisha. Ila ukoo mmoja wenye manyoya ulipona, nao ndio ndege. Siku ya sikukuu mwalimu na akusanye mifupa ya kuku mmoja, aichemshe, aianike, aichanganye na mifupa ya mwingine, kisha awaambie wanafunzi wampange kuku. Watabishana juu ya kila mfupa, na kwa saa moja watakuwa wamefanya kazi ya Berlin.

Tumesema juu ya jina la Boheti. Wataalamu wana desturi ya kutia majina ya watu katika majina ya wanyama wanaowapata. Ukisoma majina ya Tendaguru, wasoma historia yake. Yule mkubwa ana jina la Branca, aliyekusanya fedha. Mwingine, Dicraeosaurus, ana jina la Sattler. Janensch naye ana wake. Boheti bin Amrani alingoja mpaka mwaka 2007. Ndipo mtaalamu Mjerumani, Kristian Remes, alipochunguza mifupa miwili ya shingo iliyokuwa Berlin tangu siku za uchimbaji, akaona ni ya mnyama asiyejulikana bado, akamwita Australodocus bohetii. Mifupa miwili tu. Lakini jina limeandikwa.

Sasa mtoto wa Kabambare atauliza: je, na kwetu, pale Namoya watu wanapochimba dhahabu, hatuwezi kupata dinosauri? Pale, hapana. Mawe yale ni ya zamani mno. Yalikwisha kuwapo kabla ya mnyama yeyote mwenye mifupa kuumbwa. Makaa ya mawe ya Lukuga, karibu na Kalemie, yana alama za majani ya mimea ya kale, nayo pia yatangulia dinosauri. Lakini mchimbaji afunue macho hata hivyo. Mwaka 1878 wachimba makaa wa Bernissart, katika Ubelgiji, walikuwa mita 322 chini ya ardhi walipokuta vitu walivyodhani ni miti iliyojaa dhahabu. Ilikuwa mifupa, imejaa madini yang'aayo yasiyo dhahabu. Ikatoka mifupa ya dinosauri wapata 30, na baadhi yao wasimama leo Bruxelles.

Kwa hiyo mtoto akiona katika ukingo wa mto au shimoni jiwe lenye umbo la jino, la mfupa, la jani au la samaki, asiling'oe wala asilivunje kutazama ndani. Aweke alama mahali pale, alichore, na kumwita mwalimu wake. Jiwe lililotolewa tabakani bila kuandikwa lilikotoka ni kama shahidi aliyekatwa ulimi.

Na Lualaba yetu ina habari. Mto huu upitao karibu na Kasongo ukiufuata kwenda chini, ukapita Kindu, ukapita Ubundu, kabla ya kufika Kisangani utaona katika kingo zake mawe yaliyokuwa matope siku zile zile za dinosauri. Ndani yake mmelala samaki, magamba yao na mapezi yaonekana bado. Mwaka 1955 mtaalamu Mfaransa, Pierre de Saint-Seine, alitoa kitabu juu yao, na wataalamu wengine wameendelea kuwachunguza hata katika miaka yetu. Mawe yenyewe yako Tervuren, Ubelgiji. Samaki mmoja ameitwa Songaichthys, yaani samaki wa Songa, na Songa ni mahali pa ukingoni mwa Lualaba.